Komeo la Upande wa Ndani

"Baba, rudisha hicho chungu—"

"Anayejificha ana jambo—"

"—hapo majini ulipokitoa, kamba anahangaika—"

"—na nyumbani kwangu sitaki kitu kisichoonekana."

Mpe kamba pango, gamba atalivua mwenyewe. Methali hiyo mmeisikia leo mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapo hapo, kwenye ugomvi wa Sajini Khaoya na binti yake Naliaka, sebuleni kwao Naivasha, kwa sababu ya chungu kimoja kilichovunjika mdomo.

Khaoya alikuwa askari jela mstaafu. Miaka ishirini na tisa aliwahesabu wafungwa asubuhi na jioni, na alipostaafu mikono ikamwasha kwa kukosa wa kulinda. Apiyo, muuza samaki sokoni, akamhurumia, akampa kamba wa ziwani, yule mwekundu mwenye magando mawili, aliyenasa kwenye nyavu za wavuvi. Huyo wa kwanza alipanda bomba la pampu akatoroka, akakutwa amekauka chini ya kochi.

Kwa wa pili, Khaoya akaapa hashindwi. Maji ya mfereji aliyalaza siku mbili kwenye ndoo ili dawa itoke. Mchanga akauosha mpaka ukang'aa. Tangi la kioo akalifunika kwa wavu, wavu akautia kufuli. Ndani hakuna jiwe wala jani, taa juu, kioo pande zote. Seli safi kabisa, alisema kwa fahari.

Sasa, Naliaka alikuwa amerudi kutoka kwa mumewe Gilgil na begi moja, na hakusema kwa nini. Khaoya alimuuliza kwa chai ya asubuhi, akamuuliza kwa ugali wa jioni, na kila alfajiri akafungua mlango wake kuhakikisha yupo, kama kawaida ya kazi. Siku ya kumi binti akamwambia kwamba akiulizwa tena mara moja tu, atabeba begi lake na hatasema anakokwenda. Na Khaoya hakuwa na mtoto mwingine.

Kamba naye aligoma kula. Karoti akaipita, mboga iliyochemshwa akaipita, kutwa anapapasa pembe za kioo. Ndipo Naliaka akamtilia chungu, baba akakitoa, wakagombana.

Khaoya akaenda sokoni kushtaki. Apiyo alikuwa anapara samaki.

"Unamwangalia sana?" akauliza bila kuinua uso.

"Kila dakika. Huyu hanitoroki."

"Basi unamuua. Kamba hukua kwa kuvua gamba, Sajini, na akishalivua anakuwa laini, hata kisamaki kinaweza kumtafuna. Wewe unaweza kuvua nguo katikati ya soko? Huyo amelibana gamba lake, na litambana yeye mpaka afe."

"Basi nimsaidie kulivua."

Apiyo akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Utamvua kwa koleo? Mpe kamba pango, gamba atalivua mwenyewe." Akamwonya pia asije akalitupa hilo gamba, maana kamba hulila ili awe mgumu upya.

Njiani kurudi Khaoya hakumfikiria kamba peke yake. Akapitia duka la vifaa, akanunua komeo. Nyumbani akakirudisha chungu majini, akakilaza ubavu, mdomo ukitazama kona. Kisha akachukua bisibisi, akaenda kwenye mlango wa Naliaka. Makomeo aliyowahi kuyafunga maishani hayana idadi, lakini hilo lilikuwa la kwanza kulitia kwa ndani.

Hapo kazi ngumu ikaanza. Kila asubuhi swali lilimjia kooni, akalisukuma chini kwa chai. Jumanne alizungumzia mvua. Jumatano akazungumzia mvua. Alhamisi mvua ilikuwa imekatika, akaizungumzia hivyo hivyo, na Naliaka akamtazama kama mtu mwenye homa. Kila aliposikia komeo likisukumwa moyo ulimchoma, lakini miguu yake hakuiruhusu kuukaribia ule mlango.

Jumamosi mchana akamkuta kamba amelala mchangani, ubavu juu, hatikisiki. Akachutama. Kumbe ni gamba tupu, zima zima, na magando yake na sharubu zake. Akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa kioo, na kwenye kiza cha chungu akaona sharubu mbili mpya zikionja maji.

Nyuma yake komeo likafunguliwa. Naliaka akaja, akachutama kando yake, wakatazama pamoja. Kisha akaanza kusema, macho kwenye chungu, si kwa baba yake. Akasema kofi la kwanza la mumewe, akasema mwiko aliompiga nao, akasema uongo aliowaambia majirani kila walipomwona jicho limevimba. Alisema mpaka akafika mwisho. Khaoya alishika ukingo wa meza mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuuliza hata swali moja.

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Mpe kamba pango, gamba atalivua mwenyewe.

Khaoya alidhani yamekwisha, akainuka akabandike chai. Naliaka akamshika mkono.

"Chai baadaye, Baba. Nisindikize kituo cha polisi nikaandikishe taarifa. Ila tukifika pale wewe kaa kimya. Nitaongea mimi."