Kitanda cha Pili cha Saumu

Sogeeni karibu niwatwike mzigo. Mimi nitauleta hadi mlangoni. Kuutua ni kazi yenu.

Katika jumba moja la ghorofa mjini Tanga waliishi wanawake watatu, kila mmoja peke yake chumbani mwake. Bi Mishi, opereta mstaafu wa simu za posta, alikuwa na sikio la kunasa mnong'ono nyuma ya ukuta. Nyamvula, muuza maji, alikuwa na mgongo wa kupandisha madumu mawili hadi ghorofa ya nne bila kutweta. Kibibi, mchanganyaji wa udi, alikuwa na pua ya kutaja kila kilichomo chetezoni.

Juu kabisa aliishi Saumu, mshona sare za shule. Tangu mumewe amwache, hakuwa na wa kumwambia hata "chai tayari." Akanunua sigara ya umeme yenye ladha ya keki. "Mvuke tu huo," muuzaji alimwambia. Akawa anaivuta kutwa cherehani ikienda, na ile harufu tamu ikawa kama mtu aliyekaa naye. Kikohozi kikaja. Akaanza kupumzika katikati ya ngazi, kisha akaacha kushuka kabisa.

Adhuhuri moja Bi Mishi alisikia cherehani imenyamaza, kisha pumzi inayokwaruza. Akapiga mayowe: "Jamani, Saumu anakata roho!"

Nyamvula akatupa madumu, akavunja mlango, akambeba mgongoni hadi chini, hadi barabarani, hadi hospitali.

Huko walimtibu pumu siku nne, naye akazidi kuzama. Alipoulizwa kama anavuta, alitikisa kichwa, aliona haya. Ndipo Kibibi alipokuja kumjulia hali, akainama, akainusa kanga ya Saumu.

"Mwanangu, hii ni siagi isiyowahi kumwona ng'ombe. Unavuta nini?"

Saumu akalia, akakitoa kile kifaa mkobani. Daktari akakigeuza mkononi. "Ziko kemikali za ladha ambazo tumboni hazina neno," alisema, "lakini zikivutwa huunguza vinjia vya hewa." Akabadili dawa. Saumu akapona kifo. Makovu ya mapafu hayakupona. Daktari akamwonya: hatapanda ngazi tena, wala asilale peke yake, pumzi isije ikamkatikia usiku.

Mwenye nyumba akampa chumba cha chini, chenye vitanda viwili. Siku anahamia, wote watatu walikuja, kila mmoja na mto wake kwapani.

"Nimechoka kusikiliza kuta," alisema Bi Mishi.

"Mimi watu huniita nikiwa na maji tu," alisema Nyamvula.

"Kwangu kunanukia," alisema Kibibi, "ila hakuna wa kunusa."

Saumu alikitazama kitanda kitupu. Bila sikio isingejulikana kwamba anakata roho. Bila mgongo asingefika. Bila pua angekufa akitibiwa maradhi mengine. Na yeyote atakayemchagua, wawili watarudi kwenye vyumba visivyo na mtu. Yeye alikuwa anavijua vyumba hivyo.

Je, ungekuwa wewe Saumu, ungemwambia nani, "Karibu ndani"?