Fimbo ya Bwana Joto

Paukwa!
Pakawa!
Ngano iko mlangoni!
Ifungulieni!
Imebeba nini?
Uongo begani, utamu mkononi!

Basi sogeeni motoni. Na wewe wa huko nyuma acha kukoroma, hata sijaanza.

Hapo zamani za kale, majira ya mwaka yalikuwa watu. Yalitembea kwa miguu, yalikula kande, yalipiga chafya. Juu ya mlima mmoja palikuwa na kijiji kilichopokea wageni wawili kila mwaka. Wa kwanza Bwana Joto, mnene, mcheshi, msahaulifu. Wa pili Bi Kipupwe, mwembamba, mwenye baridi yake, asiyependa maneno mengi. Wawili hawa hawakulala kijijini pamoja hata siku moja. Joto akitoka, Kipupwe anaingia.

Na desturi ya pale ilikuwa hivi: mgeni akifika, mwenyeji humpokea fimbo yake na kuiweka ndani. Siku ya kuondoka humkabidhi na kumsindikiza mpaka kijitoni. Mgeni asiyekabidhiwa fimbo haondoki, maana akiondoka amemtukana mwenyeji.

Mwaka huo Joto alifikia kwa Bibi Atuganile. Bibi huyu alikuwa na mjukuu mmoja tu, Subilaga, msichana wa miaka sita mwenye kifua kibovu. Mama yake Subilaga, aliyeitwa Ikupa, alikufa kwa kifua hicho hicho Kipupwe alipokuja mwaka uliotangulia. Bibi akasema moyoni, "Safari hii haingii. Hatanichukulia wawili." Akaichukua fimbo ya Joto, akaizamisha kihengeni, chini kabisa ya mahindi yake.

Siku ya Joto kuondoka ikafika, ikapita. Joto akaamka, akajikuna tumbo.

"Hivi mwenyeji wangu, mimi nilikuja na fimbo?"

"Kula viazi, mgeni wangu."

Joto akala viazi.

Hapo dunia ikachanganyikiwa. Chura akatoka matopeni alikokwenda kulala, akauliza, "Nilale au niimbe?" Hakuna aliyejua. Kuku akasimama juu ya mayai kwa mguu mmoja, akauliza, "Niatamie au nitage?" Hakuna aliyejua. Nyuki wakauliza, "Tutoke au tukae?" Nusu wakatoka, nusu wakakaa, wakakutana mlangoni wakapigana. Mzee Mwakabuta, mkubwa wa kijiji, akapanda njegere, akazifukua, akazipanda tena. "Mke wangu, huu ni mwezi gani?" Mkewe akajibu, "Mwezi wa kulala bila blanketi." Hata mimi ninayesimulia nimechanganyikiwa. Tulikuwa wapi? Kwenye viazi? Haya.

"Hivi mwenyeji wangu, mimi nilikuja na fimbo?"

"Kula viazi, mgeni wangu."

Watu wa pale walikuwa na adabu ya kupita kiasi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza Bibi habari za mgeni wake. Wakakaa baraza, wakashauriana, mmoja akakumbuka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wakampa Joto jembe. Lo! Alilima kwa furaha shamba zima la njegere, na kila alipokanyaga pakakauka. Wakamnyang'anya jembe huku wakimwomba radhi.

Ng'ambo ya kijito Bi Kipupwe alikuwa ameketi juu ya jiwe. Kila asubuhi akaita, "Wenyeji, nije?"

"Mwenzio bado!"

"Anafanya nini?"

"Anakula viazi!"

Siku ya kwanza akacheka. Siku ya pili akanuna. Siku ya tatu akalia, maana naye hakuwa na pengine pa kwenda.

Asubuhi moja Bibi Atuganile akaenda kihengeni kuchota mahindi. Akatia mkono juu, ukatoka na unga. Akatia katikati, ukatoka na unga. Akatia chini, ukatoka na unga, na ndani ya unga fukusi wanatembea. Fimbo ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Fukusi ambao kila mwaka hulala kwa baridi, mwaka huu hawakulala. Walikula wakazaa, walizaa wakala. Bibi akakaa chini, akalia.

"Nimemficha mtoto asione baridi, nikamkabidhi njaa."

Subilaga alikuwa nyuma yake. Akasema, "Bibi, mpe mgeni fimbo yake."

"Na ukikohoa je, mjukuu wangu?"

"Nitakohoa nimeshiba."

Bibi akajifuta unga mikononi, akatoka uani, akawaita watu wote. "Fimbo niliificha mimi. Namwogopa Kipupwe. Ndiye aliyemchukua Ikupa wangu."

Kisha sauti ikatoka ng'ambo ya kijito.

"Atuganile, mwanao sikumchukua. Nilifika kwake nikakuta jiko limepoa siku tatu. Penye moto mimi hukaa kizingitini. Penye jivu naingia, sijui kuishi vinginevyo. Waulizeni wenyeji, kuni zilikuwa wapi?"

Watu wakatazama chini. Mwaka ule Ikupa alikuwa hajiwezi, na Bibi mwenyewe alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Na kuni? Kuni zilijaa chini ya paa la kila jirani, kila mtu na zake.

Mzee Mwakabuta akageuka, akaondoka. Wakadhani amekasirika. Akarudi na mzigo wa kuni begani, akautua mlangoni kwa Bibi. Mkewe akafuata na kapu la mahindi. Wakafuata wengine, mzigo wa kwanza, mzigo wa pili, mzigo wa tatu, hata nyumba ya Bibi haikuonekana.

Bibi akamkabidhi Joto fimbo yake kwa mikono miwili.

"Kumbe nilikuja nayo!" Joto akasema. Wakamsindikiza mpaka kijitoni.

Jioni ile upepo ukageuka. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Chura akarudi matopeni, kuku akaatamia, nyuki wakapatana, fukusi wakalala. Bi Kipupwe akafika mlangoni kwa Bibi.

"Hodi."

"Karibu. Ila keti hapo hapo kizingitini."

Akachungulia ndani. Moto ulikuwa mkubwa, na Subilaga yuko katikati ya wanawake wanaopukuchua mahindi. Mtoto akakohoa mara moja, akaomba kiazi. Bi Kipupwe akaketi kizingitini miezi mitatu, na hakuingia.

Tangu hapo, pale kijijini, siku Joto anapokabidhiwa fimbo, kila nyumba hupeleka gogo moja kwenye nyumba inayokohoa.

Basi shikeni hili: baridi haizuiliwi kwa kumficha mtu fimbo, huzuiliwa kwa kuni za jirani.

Ngano yangu imevua viatu hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nikaikoleze.

Na aliyeificha fimbo yangu mimi anipe niende zangu. Hataki? Haya, leteni viazi.