Kofia ya Mbabula

Wahenga hawakuwa wapumbavu waliposema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Jiwe moja la mekoni, hata liwe zuri namna gani, halibebi chungu peke yake. Atakayelazimisha atamwaga mboga na kuzima moto. Akonkwa, mwalimu wa kemia mjini Goma, aliifahamu methali hiyo tangu utotoni. Kuifahamu aliifahamu, ila kuifuata kulimshinda.

Mama yake, Généreuse, alifuga vifaranga katika chumba cha mbao huko Katoyi, mtaa mmojawapo wa mji huo. Kwa kuwa vifaranga hawavumilii baridi, aliwawashia mbabula, yaani jiko la makaa, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua kimyakimya. Basi Akonkwa akabuni kofia ya bati ya kufunika mbabula, ndani akaipaka chembe za platinamu alizozitoa katika ekzosi ya gari bovu. Kazi ya platinamu ilikuwa kuiunganisha gesi hiyo na oksijeni ili sumu yake iishe.

Deborah, mwenzake wa maabara, alimwonya. Platinamu isipopata moto wa kutosha, gesi huikalia yote, kama wageni waliojaza viti vyote vya sebule. Oksijeni ikibisha hodi haina pa kukaa. Chembe za chuma zikichanganywa humo, oksijeni nayo hupata kiti chake.

"Papa Akonkwa, tuweke chuma yangu na platine yako pamoja," alimwomba.

Akonkwa alikataa katakata. Alitaka jina lake peke yake liandikwe juu ya kofia, na kuchanganya platinamu na chuma aliona ni kumvika bibi harusi gunia.

Asubuhi moja ya mvua aliipeleka kofia Katoyi. Alimkuta mama yake amewapandisha vifaranga kwenye rafu ya juu, karibu na dari.

"Mazuku inalalaka chini, mutoto wangu," mama alisema. "Huku juu hakuna shida."

Nani Goma asiyeijua mazuku, gesi ya volkano inayotuama mabondeni na kumuua anayelala chini? Lakini gesi ya makaa si mazuku. Hupanda pamoja na joto na kujaa chumba kizima. Akonkwa alilijua hilo, akanyamaza. Aliitegemea kofia yake, akaiweka juu ya mbabula, akaenda zake kununua mkate.

Aliporudi alipigwa na butwaa. Vifaranga wote wa rafuni walikuwa wamekufa, na mama yake ameanguka kando ya mbabula. Makaa yaliyoloa mvua yalikuwa yakifuka tu, na kofia ilikuwa vuguvugu. Akonkwa alipiga yowe. Majirani wakaja mbio, wakasaidiana naye kumtoa mama nje, wakamlaza juu ya mawe meusi ya lava, mvua ikimnyeshea usoni. Akonkwa aliamini kwamba amemuua mama yake kwa sababu ya jina. Kisha mama akakohoa.

Mama alipotoka hospitali, Akonkwa alimwendea Deborah kichwa chini. Walichanganya metali zao, wakaijaribu kofia juu ya mbabula katika chumba kitupu chenye kipimo kinacholia gesi ikizidi. Platinamu peke yake, kipimo kililia. Chuma peke yake, kikalia vilevile. Zilipokuwa pamoja, hata kabla kofia haijapata moto, kipimo kilishuka hadi kikanyamaza. Akonkwa alikitazama kinywa wazi, haamini kwamba kitu rahisi kama chuma ndicho kilichokuwa kimepungua siku ile.

Kofia mpya ilipofika Katoyi, mama aliigeuzageuza mikononi, kisha akaenda kufungua dirisha.

"Kofia iko muzuri," alisema. "Lakini nayo isiachwe peke yake."

Akonkwa hakubisha. Juu ya kofia aliandika majina mawili, lake na la Deborah, na tangu hapo mbabula haikuwashwa tena dirisha likiwa limefungwa. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.