Na wa Nyuma Je?

Hii nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa. Nimeisoma nikaona si vema niile peke yangu, kama mtoto aliyejificha na mua.

Palikuwa na shule moja ya sekondari kule Rungwe, ambako mvua haipigi hodi. Shule ilikuwa na ukumbi mrefu wa bati, na kwa kuwa madarasa hayakutosha, Mwalimu Tusekile alifundishia Kiswahili humo humo kwa miaka mingi.

Mwalimu huyo alikuwa na desturi yake. Mvua ikianza kupiga bati, walimu wengine walishika chaki wakangoja ipite, na wanafunzi wakasinzia. Yeye alisema neno moja tu: "Sogeeni." Basi mabenchi yaliburutwa, darasa zima likamzunguka magoti kwa magoti, huyu ananuka moshi wa jikoni, yule ana sweta lenye unyevu, na somo likaendelea. Waliosoma pale wanaapa kwamba mashairi wanayoyakumbuka mpaka leo ni yale waliyofundishwa siku za mvua.

Kabla hajaanza aliuliza kila mara, "Na wa nyuma je?" Kila mtu alijua anaulizwa nani. Ambakisye ndiye aliyekuwa mfalme wa nyuma. Wenzake wakisogea, yeye alisogea wa mwisho, tena kwa kununa, akibaki karibu na mlango ili kengele ikilia awe wa kwanza kutoka.

Miaka ikaenda. Ambakisye akawa fundi mitambo ya muziki. Ukisikia harusi inatikisa madirisha ya majirani, ujue spika ni zake, na sifa hiyo aliivaa kama suti. Mwalimu Tusekile yeye alistaafu, akaugua koo, akafanyiwa upasuaji. Alipona, ila sauti iliyobaki ilikuwa ndogo, ya kumwambia mtu siri.

Shule ikaandaa siku ya kumuaga, maana alikuwa anahamia Mwanza kwa binti yake, na kwa umri wake hakuna aliyethubutu kusema "tutaonana." Mwalimu akakataa kwenda. Ambakisye akatumwa kumbembeleza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Kama umekuja kwa habari ya sherehe, rudi tu. Nitasimama pale nichezeshe midomo kama samaki, halafu iwe nini?"

"Niachie mimi, mwalimu. Nitakufungia mitambo ambayo hata ukinong'ona utasikika."

"Na wa nyuma je?"

Ambakisye akacheka. "Hata wa nyuma. Nakuahidi."

Kwa ahadi hiyo mwalimu akakubali.

Siku ilipofika, Ambakisye alikuwa ukumbini tangu asubuhi. Alisimamisha spika mbili kubwa jukwaani na mbili katikati ya ukumbi, akazilaza nyaya sakafuni kwa seloteipu asije mtu akajikwaa, kisha akashika maiki. "Testi, moja, mbili." Ukumbi mtupu ukamrudishia sauti yake. Akaiona ile kona yake karibu na mlango. Ukutani bado palikuwa na doa jeusi la vichwa vilivyoegemea pale, chake kikiwemo. Moyo ukamjaa, akashindwa kufika tatu.

Mkuu wa shule akapita. "Fundi, nataka isikike mpaka stendi."

"Itavuka stendi, mkuu."

Nje jua lilikuwa linawaka. Hata mwenyeji wa Rungwe siku moja moja husahau Rungwe ni wapi.

Mchana watu wakajaa. Na kwa kuwa spika zilikuwa kubwa, kila mtu alikaa anapopenda. Marafiki wa zamani walijirundika nyuma wapige soga. Mbele palikuwa na makochi ya wageni rasmi, nyuma ya makochi safu nzima za viti vitupu, na mwalimu mwenyewe kaketishwa juu jukwaani, kafichwa na maua ya plastiki.

Alipoinuka kushika maiki, mvua ikashuka. Bati likanguruma. Midomo ya mwalimu ikacheza, lakini hakikusikika kitu. Ambakisye akaongeza sauti, spika zikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Akapunguza, akaongeza tena, kikatoka kishindo cha mvua iliyoingia kwenye maiki. Huko nyuma watu waliongea, na kadiri alivyoongeza ndivyo nao walivyopaza sauti ili wasikilizane. Mkuu wa shule alimwashiria kwa mkono: juu, juu zaidi.

Mwalimu akashusha maiki. Akakitazama kiti chake, kama mtu anayetaka aketi tu yaishe. Ambakisye aliliona hilo likamchoma. Yeye ndiye aliyemtoa nyumbani.

Ndipo akafanya jambo ambalo fundi wa muziki halifanyi mbele za watu. Alizima mitambo yote. Akabeba kiti alichokuwa amekalia kwenye mitambo, akapita katikati ya ukumbi kila mtu akimtazama, akakiweka chini ya jukwaa, kisha akampa mwalimu mkono ashuke.

Mkuu wa shule akamfuata mbio. "Fundi, umeharibu nini?"

"Sijaharibu, mkuu. Mvua inanyesha."

Mkuu alikuwa mgeni pale, hakuelewa. Wale wa zamani walielewa. Mama mmoja mwenye kilemba akainuka kule nyuma na kuburuta kiti chake. Akafuata mwingine. Mara ukumbi mzima ukajaa ule mlio wa viti sakafuni, na watu wazima wenye vitambi na mvi wakajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Wageni rasmi wakazingirwa kwenye makochi yao. Wanafunzi wa sasa wakakaa chini. Ikawa magoti kwa magoti, na hata harufu ya sweta lenye unyevu ilikuwepo.

Mwalimu Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ya siri, na hakuna ambaye hakuisikia:

"Na wa nyuma je?"

Watu wakageuka. Kule nyuma palikuwa na viti viwili vilivyopinduka, na mlango.

"Leo hakuna wa nyuma, mwalimu," alisema Ambakisye, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amekaa mbele kuliko wote.

"Haya," mwalimu akasema. "Tuanze somo."

Funzo: Umpendaye asiposikika, usikimbilie kuongeza sauti, sogeza kiti kwanza.