Viroba vya Kerege

Hakuna aulambaye mkono usio na kitu. Wahenga walitaka tujue kwamba apendaye kupokea naye hana budi kutoa. Somoe wa Tegeta aliijua methali hiyo vizuri, ila alidhani inawahusu wengine.

Kila Ijumaa, wifi yake Mwanahija, dada wa mumewe, alimpelekea kwa basi kutoka Kerege kiroba cha mihogo na nazi. Somoe aliipika mihogo kwa tui zito, akaiuza kando ya barabara. Tangu mumewe akose kazi, sufuria hiyo ndiyo iliyowalisha wao na mtoto wao. Viroba alivirudisha kwa kondakta vitupu kama ngoma, hata kipande cha sabuni ndani hamna. Na mtu wa pwani anajua, chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu.

Ijumaa moja kiroba hakikuja. Somoe akapiga simu.

"Wifi, mzigo vipi? Wateja watanikimbia!"

"Mimi sijambo, wifi. Ahsante kwa kuniuliza hali," Mwanahija akajibu, akakata simu.

Maneno yale yalimchoma Somoe kama mwiba wa mchongoma. Alfajiri akambeba mwanawe mgongoni, akatia sukari na sabuni kikapuni, akaenda Kerege.

Alimkuta Mwanahija ameketi kizingitini, mimba imemlemea, miguu imevimba. Mume wa Mwanahija alikuwa kisiwani Mafia kwa kibarua. Shambani, magugu yalikuwa yameimeza mihogo.

"Ya Rabi! Na mihogo yote ile aliing'oa nani?"

"Mimi na huyu," Mwanahija akasema, akishika tumbo. "Hukuuliza."

Somoe akampakatisha shangaziye mtoto, akajifunga kibwebwe, akashika jembe.

Baada ya kitambo akasikia kicheko. "Wifi wa mjini! Unayalima hayo magugu au unayabembeleza?"

"Nicheke tu. Kesho namleta kaka yako, umcheke na yeye. Tutalima mpaka ujifungue, na kuchimba mihogo usiguse tena."

Machozi yakamlengalenga Mwanahija. Kisha akanyoosha kidole. "Tuta lile la mwisho limekomaa. Ng'oa, wifi yangu, uwapelekee wateja wako wa barabarani."

Somoe akang'oa, viganja vimejaa malengelenge, moyo mweupe. Tangu siku hiyo shamba lile likawa na majembe mawili, Mwanahija alipojifungua yakawa matatu, na nyumba mbili zikashiba, kwani mkono mtupu haulambwi.