Mstari wa Watoto

Mama zangu na dada zangu, naomba mnisikilize kidogo, kisa chenyewe si kirefu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mcheza dansi. Sisemi ngoma za harusini. Ni ile dansi ya kisasa ya jukwaani, ambayo watu hucheza pekupeku na mwili unasimulia bila maneno. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipojifungua alikaa nyumbani muda mrefu, na siku aliporudi, kiongozi wa kikundi akamwambia, "Safari hii utacheza na watoto wa shule. Wewe mbele, wao nyuma yako."

Akanuna. "Watoto? Watu wanangoja waone kama nimekwisha, halafu mnanipa watoto wa kuniaibisha?"

Mazoezini alikuwa mkali. "Wewe binti, nyoosha shingo! Unaruka kama kuku aliyemwagiwa maji!" Wenzake wakacheka. Yule binti akainamisha macho. "Samahani, dada. Narudia." Na kweli akarudia, tena na tena, mpaka jasho likamtoka.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Katikati ya mchezo yule mwanamke akaruka, akatua vibaya, kifundo cha mguu wa kushoto kikateguka. Akaendelea kucheza, lakini anachechemea, na kila mtu anaona. Kwenye kiti cha mbele kabisa mtu akamnong'oneza jirani yake, "Si nilikwambia? Huyu amekwisha."

Je, ungekuwa wewe nyuma yake, uliyeitwa kuku mbele ya wenzako, ungefanyaje?

Yule binti akaanza kuchechemea. Mguu uleule wa kushoto. Wa pembeni yake akamwona, naye akachechemea. Mara mstari mzima wa watoto unachechemea nyuma ya mama yule, kwa mdundo mmoja. Wala haikuwa kichekesho. Yule wa kiti cha mbele akadhani ndivyo dansi ilivyotungwa, akasimama kupiga makofi.

Nyuma ya pazia mwanamke akauliza huku machozi yanamtoka, "Nani aliwafundisha vile?"

Binti akajibu, "Hakuna, dada. Tuliona unachechemea peke yako."

Ndugu zangu, sisi hapa tunafahamiana. Tunajua nani ameachwa na mume. Tunajua binti wa nani amerudi nyumbani na mimba. Mwenzetu akitua vibaya, sisi tunakuwa wapi? Tuko kwenye mstari nyuma yake, au tuko kiti cha mbele tunanong'ona?

Kumwonea huruma kwa macho tu hakumsaidii. Macho ndiyo yanayomuumiza.

Basi Jumapili ijayo, ukimwona mwenzako ameingia kwa aibu na kukaa benchi la mwisho, usigeuke kumtazama. Inuka ulipo, mchukue na mwanao, mkakae naye benchi la mwisho. Na mimi nitakuja. Tukijaa wote kule nyuma, nani atajua ni yupi aliyeumia?