Mikono Sita Chini ya Samaki Mmoja

Toeni mikono mifukoni kwanza. Hadithi hii ni ya mikono, na nikimaliza nitataka kuiona.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya kuna mto uitwao Kirwara, wenye samaki wa trauti. Watu wa pale humvua samaki kwa ndoano, wakamtazama, wakamrudisha majini. Mimi niliposikia nilicheka. Lakini ndiyo sheria yao, na ina makali: samaki akifa haliwi wala habebwi nyumbani, na mtu wa mwisho kumshika ndiye aliyemuua. Huyo hatakanyaga mto ule tena maisha yake yote.

Watatu walijulikana sana pale. Mwalimu Mutwiri, mstaafu, alikuwa na kipaji cha vidole: alivua kwa uzi mwembamba kama unywele na haukukatika. Ndiye aliyetunga sheria, na kwa sheria hiyohiyo alimfukuza ndugu yake wa tumbo moja.

Nkatha, Mama Kendi, alikuwa na kipaji cha kufufua. Alimshika samaki aliyechoka chini ya tumbo, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo, akasubiri mpaka mkia upige. Kazi hiyo, aliyolipwa na wavuvi, ndiyo iliyowalisha wanawe wawili, na hakuwa na nyingine.

Kaimenyi, mlinzi wa mto, alijaliwa macho. Alimjua kila samaki kwa madoa yake. Neno lake lilitosha kuwa ushahidi.

Sasa sikieni walivyojifunga wenyewe. Jumamosi moja, baada ya wiki tatu za jua kali, Nkatha alitumbukiza mkono mtoni asubuhi akakuta maji ni vuguvugu. Trauti akihangaishwa kwenye maji kama hayo hupungukiwa pumzi. Alijua siku ile ndoano zilipaswa kubaki nyumbani. Lakini pasipo kuvua hapana kibarua, akanyamaza.

Mwalimu akanasa jike kubwa. Angeweza kukata uzi mapema samaki akaenda zake. Hakutaka; hakuwahi kukata uzi, na sifa ile aliipenda kuliko alivyokubali. Akamzungusha nusu saa nzima, ndipo akamkabidhi Nkatha amfufue.

Kaimenyi akaja mbio ukingoni. "Dada, mtoe kidogo nione ubavu. Nadhani ni Bibi." Bibi ni samaki mwenye kovu, ambaye alikuwa hajaonekana kwa miaka miwili. Nkatha akamwinua. Kaimenyi akataka ageuzwe upande huu, kisha ule, akayasoma madoa bila haraka huku samaki akitweta hewani.

"Ndiye," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Nkatha akamrudisha majini, akamshika kichwa kikielekea mkondo. Akasubiri sana. Mkia haukupiga.

"Amekufa, Mama Kendi?" Mwalimu akauliza.

"Sijui, Mwalimu." Alijua vizuri sana. Nampenda mama yule, lakini pale alidanganya.

"Mwachie tu," Kaimenyi akasema. "Nitasema sikuona."

"Wewe useme hukuona? Na kesho nani atakuamini?" Nkatha akamjibu.

Mwalimu akaingia majini na suruali yake, akapitisha mikono chini ya samaki. "Toa yako. Huyu ni wangu."

Nkatha akaanza kulegeza vidole, kisha akasita. "Ukiondoka wewe, sheria itabaki na nani? Wenye nyavu, wanaotaka kuvua samaki wote wawale, wanaisubiri siku hiyo."

"Mimi ndiye niliyemweka juani," Kaimenyi akasema, naye akaingia. "Nipeni."

"Mtoni wakija na nyavu, nani atawaona?" Mwalimu akamuuliza.

Hapo wakawa wamenaswa. Mikono sita chini ya samaki mmoja mfu. Anayetoa yake kwanza amepona, na amewaachia wenzake kesi. Anayebaki mwisho ameupoteza mto. Kila mmoja ana aibu ya kutangulia, na kila mmoja anaogopa kubaki. Nkatha akawawaza wanawe, akaona haya kwa kuwawaza.

Kule juu njiani zikasikika sauti za wanawake wanaoshuka kuchota maji. Wanakaribia, na watakayemkuta na samaki ndiye watakayemtaja. Hakuna aliyesogea.

Na msiniambie wamwachie kwa pamoja. Wote watakuwa wa mwisho, basi mto ubaki bila mwalimu, bila mfufuaji, bila macho, na Jumatatu nyavu ziwe zimeshatandazwa. Wala msiniambie wafiche. Ndugu yake Mwalimu hakufichiwa.

Haya, nyosheni mikono mbele, viganja juu, kama mmembeba. Mmoja alijua akanyamaza, mmoja alipenda sifa, mmoja alipenda kutazama. Wanawake wamefika kwenye kona ya mwisho. Je, wewe ungeamua vipi: nani atoe mikono yake kwanza, na nani abaki na Bibi?